Mama Yetu Fundi na Pindo la Vidole Vinne

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu utoe mguu kwenye kanyagio la cherehani, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo, ukajinyoosha moja kwa moja mpaka kwa Bwana.

Tulidhani tangazo hili la kukukumbuka tungeliandika kwa machozi. Machozi yapo, lakini yamesukumwa pembeni na habari tuliyonayo. Mimi Blandina, mtoto wako wa kwanza, nimepewa kalamu kwa kuwa ni mwalimu, na naandika kwa furaha. Mkunjo wa tatu umefumuliwa, Mama. Wewe unajua maana yake. Wanaosoma hawajui, kwa hiyo nivumilie niwaeleze, na wewe usikilize tena, maana najua hadithi hii hutaichoka.

Wewe ni Atuganile, binti wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, uliyeolewa na Baba yetu Joachim Kisinga, Mhehe wa Kilolo. Kwa miaka thelathini na mmoja ulishona nguo Iringa mjini, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mzee Umakant. Yeye ndani anakata mita, wewe nje unashona. Mteja aliyetoka na kitambaa begani hakufika mbali. Ulimwita kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene," na akiitikia tu, tepu ilikuwa tayari kiunoni mwake.

Hukuwa malaika, tuseme ukweli. Ulikuwa fundi, na fundi ni fundi. Mafundi wengine humwambia mteja "njoo kesho" wakijua kesho hiyo haipo. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa na hukutaka kusema uongo, kwa hiyo ulisema, "Njoo Jumatano, Mungu akipenda," na nguo ikichelewa lawama zinakwenda juu. Joho la mchungaji la Pasaka lilikuwa tayari siku ya Pentekoste. Alilipokea akicheka, akasema angalau Roho ameshuka nalo.

Lakini jina lako mjini lilitokana na pindo. Mafundi wengine huacha pindo la vidole viwili. Wewe uliacha vinne, na kwa sketi ya mtoto wa shule uliacha kiganja kizima, ukakikunja mara tatu, kila mkunjo na uzi wake, ili mtoto akirefuka mzazi afumue mmoja bila kugusa mingine. Wazazi walinung'unika kwamba kitambaa kingi kinafichwa ndani mahali ambapo hakuna anayekiona. Mzee Umakant hakunung'unika hata siku moja, kwa kuwa kitambaa ni chake. Alikuwa akisema, "Mama Blandina anajua biashara yangu kuliko mimi mwenyewe." Nawe ulimjibu, "Si biashara, Baba Hardik. Watoto wanakua."

Ukimaliza kukunja, uliweka kiganja juu ya pindo, ukataja jina la mtoto, ukasema neno moja tu: "Mkuze." Hayo ndiyo yalikuwa maombi yako. Kanisani ulipoambiwa uongoze sala ulisimama, ukakohoa, ukasema sentensi mbili, ukakaa. Wenzako wa umoja wa wanawake waliomba mpaka viti vikatetemeka, na wewe ulikuwa ukiniambia, "Mimi sina maneno, mwanangu. Mimi naacha pindo."

Mazoea hayo yalikupeleka pabaya mara nyingine. Uliwashonea majoho Kwaya ya Wazee, watu wa miaka sitini kwenda mbele, na kila joho ukaliachia pindo la kukua. Mzee Jofrey, sauti ya nne, alikuja barazani nalo mkononi. "Mama Blandina, mimi nina miaka sabini na nne. Hili pindo ni la nini?" Ukamtazama juu ya miwani. "Jofrey, wewe unajua Mungu anakuwazia nini?" Akaondoka nalo. Mpaka leo analivaa, na siku zote humwambia anayekaa jirani yake kwamba bado hajafika mwisho wake.

Na Baba bado anavaa zile suruali ulizomkunjia chini mara mbili. Anasema akifika miaka mia atakuwa mrefu kuliko shemeji zake wote.

Sasa niseme la Violet, na hapa nitasema na kosa langu, kwa sababu bila hilo habari hii haina uzito.

Violet ni binti yangu, mjukuu wako wa kwanza. Alizaliwa Mbeya akiwa na tundu kwenye moyo. Alipofika miaka sita alikuwa na kilo kumi na mbili tu. Akipanda ngazi tatu tu midomo inageuka zambarau. Daktari wa hospitali ya rufaa alisema upasuaji upo, Dar es Salaam, ila mwili wake haujawa na nguvu ya kuuhimili. Kwanza aongezeke kilo tatu, ndipo apangiwe tarehe. Kilo tatu, kwa mtoto aliyekuwa hajaongeza hata moja mwaka mzima. Nilitoka pale nikiwa nimeshamzika moyoni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu ilikuwa inakataa.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Desemba, ulipanda basi kutoka Iringa ukaja kwangu Mbeya na kitambaa cha bluu kwenye mfuko. Violet alikuwa amelala kwenye kochi. Ulipiga magoti, pini mdomoni, ukampima akiwa usingizini, kiuno na urefu, ukaanza kushona kwenye cherehani ya jirani. Jioni, Violet angali kwenye kochi, ukanionyesha sketi ya shule. Nikaigeuza ndani. Nikaona kiganja kizima cha pindo, mikunjo mitatu.

Nilikasirika, Mama. Unakumbuka. Nilisema, "Usipoteze kitambaa. Huyu hatakua."

Hukunipiga kofi, ingawa nilistahili. Ulipitisha kidole kwenye mshono mpaka ukafika mwisho wake. Kisha ukasema, "Blandina, wewe umepiga hesabu ya kilo alizonazo. Mimi sikuambiwa nipige hesabu. Niliambiwa nimtegemee Mungu, na mimi kumtegemea kwangu ni huku. Huyu atafumua yote mitatu. Kama nimekosea, kitambaa ni changu."

Asubuhi yake ulimchukua. Ulisema Iringa kuna hewa na kuna kula. Januari ikafika, wenzake wakaanza shule, na sketi ikabaki kwenye msumari juu ya kitanda chako.

Miezi iliyofuata wenye baraza ile wanaijua. Violet alikaa juu ya marobota ya kitambaa akipanga vifungo. Asubuhi alikunywa uji wa ulezi, saa nne alikula parachichi. Mama Hardik, yaani Manjula mke wa Mzee Umakant, alitoka ndani na chapati iliyopakwa samli na kunyunyiziwa sukari, akasimama na kidole juu mpaka mtoto amalize. Yeye ni Mhindu na ana taa yake anayoiwashia maombi nyuma ya duka. Alikuambia na Violet yumo kwenye maombi hayo, nawe ukamjibu, "Ndaga, Mama Hardik," ahsante ya kwenu Rungwe, ukaendelea kushona. Samli yenyewe ilitoka Usangu. Justine, kijana uliyemfundisha ufundi tangu akiwa hajui kutunga uzi, ni Msukuma, mwana wa Mzee Malimi mwenye ng'ombe, na kila basi lililotoka kule lilileta dumu.

Kila Jumamosi mlimpeleka kwa jirani anayenunua mahindi, mkamsimamisha kwenye mzani wa magunia. Wapagazi waliacha mizigo wakaja kuangalia. Wiki ambayo sindano ya mzani ilisogea, ulinipigia simu darasani. "Blandina, nusu kilo." Wanafunzi wangu waliniona nimeinamia meza.

Julai, kukiwa na baridi ya kuuma vidole, sindano ilifika kumi na tano. Agosti tulikuwa Dar es Salaam. Kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji ulikaa kwa saa sita, na mapajani ulikuwa na ile sketi. Muuguzi alipita akakuuliza, "Bibi, hiyo nguo ya nani?" Ukamwambia, "Ya mgonjwa wangu. Januari anaanza darasa la kwanza." Hukusema "akipona". Mimi nilikuwa pembeni yako, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba bila kupiga hesabu. Nilisema neno lako lilelile moja.

Januari alianza darasa la kwanza, Mama, na alikimbia. Alipoingia la pili ulifumua mkunjo wa kwanza. Alipoingia la nne ukafumua wa pili. Ana sketi nyingine, bila shaka. Ile aliiweka kwa siku ya kufungua shule. Kitambaa cha nje kilikuwa kimepauka na cha ndani ya mkunjo kibichi, kwa hiyo kila ukifumua ulibaki mstari. Wenzake walimcheka kwamba amevaa sketi ya mistari. Akawaambia hiyo ni miaka yake, mtu asimguse.

Februari ya mwaka jana ukatuacha, presha ikakuchukua mchana kweupe, mkunjo wa tatu ukiwa bado umeshonwa.

Tulikupeleka Kilolo kwa mvua na tope jekundu. Gauni lako jeupe alilishona Justine usiku wa kuamkia safari, kwenye cherehani yako, hakutaka fundi mwingine aliguse. Tukiwa chumbani tunakuvika, Mama mdogo Alinanuswe, mdogo wako, akafika miguuni akasimama. Akashika pindo. Akalipima kwa vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akatutazama akasema, "Huyu kijana kamshonea dada kama mtoto wa shule."

Justine akaitwa mlangoni. Alipoambiwa, alifunika uso kwa mikono. "Mnisamehe, mama zangu. Sikukusudia. Mikono ilienda yenyewe, si ndivyo alivyonifundisha? Nipeni mkasi nitoe."

Mkasi ukaletwa. Wanawake wakanitazama mimi, kwa kuwa ni mkubwa. Na mimi, Mama, mimi niliyekuambia usipoteze kitambaa, ndiye niliyesema, "Liacheni. Anakwenda kukua."

Mama mdogo akaangua kicheko. Akafuata mwingine. Tukacheka tukilia, tumekuzunguka, mpaka Baba akagonga mlango akiuliza kama tumepatwa na wazimu. Tulipomwambia akainama, akashika pindo la ile suruali yake, akasema, "Basi mimi na yeye tutakuwa sawa." Tukakuzika hivyo, na pindo lako la vidole vinne.

Nakiri mbele ya wote wanaosoma: kabla ya siku ile nilikwenda kanisani kama mtu anavyokwenda gulioni, kwa sababu siku yake imefika. Nilikuwa nimeona mtoto wangu akipona na bado nilijiambia ni samli na madaktari. Ni samli na madaktari kweli, na tunawashukuru. Lakini nani aliyefanya samli isafiri kutoka Usangu, na Mama wa Kihindu asimame na kidole juu, na bibi wa miaka sitini na mitano akae saa sita na sketi ambayo hakuna aliyejua kama itavaliwa? Nilipoona lile pindo miguuni pako nilielewa kwamba ulichokuwa unatuachia miaka yote hakikuwa kitambaa. Tangu hapo siogopi kesho kama zamani. Naamka nikiwa na hamu nayo, hata wanafunzi wangu wanauliza mwalimu amepatwa na nini.

Sasa habari yenyewe.

Januari hii Violet ameingia darasa la sita. Ana miaka kumi na miwili, amenifika sikioni, na anakula kama mpagazi. Alikataa nisifumue mkunjo Mbeya. Akasema ufumuliwe barazani kwa Bibi. Jumamosi kabla ya kufungua shule tukafika Iringa. Cherehani yako ipo palepale, sasa anaiendesha Justine, na viraka vyako vya kupimia rangi bado viko kwenye droo. Mzee Umakant alileta kiti, Mama Hardik akaleta chapati, kidole juu vilevile.

Nilishika wembe nikaanza. Uzi wako uligoma, Mama. Ulishona kama mtu anayejua nguo itafika mbali. Ulipokatika wa mwisho kitambaa kikashuka, bluu mbichi kama siku ulipokitoa kwenye mfuko. Violet akavaa. Chini ya goti, sawasawa kabisa. Mistari mitatu: wa kwanza umefifia, wa pili unaonekana, wa tatu kama umechorwa jana.

Nilikuwa nimepiga magoti nikinyoosha pindo aliposema, taratibu, kama anayetaja jambo la kawaida, "Mama, siku ile sikuwa nimelala."

Nilijua ni siku ipi.

"Nilikusikia ulivyosema sitakua," akasema. "Halafu nikamsikia Bibi. Nikachagua la Bibi."

Nilimshika magoti nikamwomba msamaha mbele ya wateja. Akanipiga-piga begani kama mzazi. "Yameisha, Mama. Si nimekua?"

Kisha akamwomba Justine amwachie cherehani. Ngolo, binti mdogo wa Justine, naye anaanza darasa la kwanza mwaka huu, na Violet alikuwa ameahidi kumshonea sketi, ya kwanza katika maisha yake. Mshono wa kiunoni umekwenda upande kidogo, sitakudanganya. Lakini pindo, Mama. Kiganja kizima, mikunjo mitatu, kila mmoja na uzi wake. Alipomaliza akaweka kiganja juu, akataja jina la Ngolo, akasema neno lako. Mama Hardik aliingia ndani haraka, kule kwenye taa yake, na hakuna aliyemuuliza anakwenda kufanya nini.

Violet akabaki ameshika ile sketi ndogo, akafikiri. Akauliza, "Na pindo la Bibi atalifumua nani?"

Tukatazamana. Justine alikuwa ameinama anaokota vipande vya uzi sakafuni, hakuinua kichwa.

"Hiyo siyo kazi yetu," akasema. "Mwenyewe yupo juu. Yetu ilikuwa kuacha tu."

Kwa hiyo Jumapili hii, Mama, hatuji kulia. Tunakuja Kilolo kwa ibada ya shukrani saa nne asubuhi, na Kwaya ya Wazee itaimba ikiwa na majoho yake marefu, Mzee Jofrey akiwemo, ambaye ametimiza themanini na anadai amerefuka. Violet atasoma somo akiwa na sketi ya mistari mitatu. Wote mnaosoma mnakaribishwa, na aliye na mtoto mgonjwa aje naye. Tepu tutakuwa nayo.

Unakumbukwa na mume wako Joachim. Wanao mimi Blandina na wadogo zangu. Mjukuu wako Violet, aliyekua. Mdogo wako Alinanuswe na ndugu wote wa Rungwe na Kilolo. Mwanao wa ufundi Justine, mkewe na binti yao Ngolo. Mzee Malimi wa Usangu. Na jirani zako wa baraza moja, Umakant, Manjula na mwana wao Hardik, ambao walisema wasipoandikwa kwenye orodha ya ndugu watafunga duka.

Daima tutakukumbuka, Mama, na kila tutakachokishona tutakiachia vidole vinne.